Lassi ya embe: umenye embe au ufungue kopo?

Lassi, kile kinywaji cha mtindi, asili yake Punjab, eneo la India na Pakistan, kule mtindi wanaupiga kwa madhani, ule mti wa kupekechea, lakini mi nyumbani natumia blenda na inatoka poa kabisa. Kinachobadilisha ladha ni embe.

Embe la kumenya, hasa dodo lililoiva mpaka jiko zima linanukia, linaipa lassi kauchachu flani katamu sana na sukari haihitajiki, labda kijiko kimoja basi. Shida ni ukiangukia embe la nyuzinyuzi, hapo itabidi uchuje na chujio la chai, ukisukuma na mgongo wa kijiko taratibu mpaka zibaki nyuzi tupu. Kazi ndio ipo, ila jamani ile harufu!

La kopo, yale ya India ya embe aina ya Alphonso au Kesar, limeshasagwa laini, rangi imekolea na hungoji msimu. Ila mengi yana sukari tayari, soma lebo kwanza, usije ukamimina na asali juu ikakushinda kunywa.

Vipimo ni vilevile: mtindi vikombe 2, embe kikombe 1, maziwa baridi nusu kikombe, iliki 2 za kutwanga na chumvi kidogooo. Mtindi ukiwa mkali sana hapo kopo linafaa zaidi coz utamu wake unaupoza. Kama mtindi ni wa jana tu, mi namenya embe, na naupoza kwenye friji kabla, barafu nyingi inafanya lassi iwe majimaji.