Kongamano la Kiigbo, likitazamwa kutoka Kuze

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kuze, Mombasa, na Kiigbo, lugha ya Waigbo wa kusini-mashariki mwa Nigeria, sikijui. Hata hivyo nililipa ada ya kushiriki kwa mtandao kongamano la kila mwaka la wataalamu wa lugha, historia na utamaduni wa Waigbo, na nasema mapema: walimu wa lugha zetu walipie. Malalamiko ninayo pia, nitayafikia.

Ufunguzi ndio ulionishika. Kabla ya hotuba yoyote ililetwa sahani ya kola, zile kokwa za kutafuna. Mzee akaiinua na kuomba dua kwa Kiigbo, polepole, na kila akituama ukumbi mzima unamwitikia "Ise!" Waigbo husema kola haisikii Kiingereza, kwa hiyo hata maprofesa waliotoka ng'ambo walisubiri dua iishe. Kamera ilisogea karibu, nikamwona mzee akiipasua na kuhesabu vipande kwa kidole gumba, maana idadi ina uzito wake: vinne ni heri, vinakwenda sambamba na siku nne za soko lao, Eke, Orie, Afọ na Nkwọ. Ndipo sahani ikazungushwa. Baadaye mhadhiri mmoja mwanamke aliuliza hadharani kwa nini mila haimruhusu mwanamke kuipasua, na hakuna aliyemnyamazisha. Mjadala ukala muda wa mada iliyofuata. Napenda kikao cha namna hiyo.

Mimi lakini nilikuwa nakisubiri kikao cha lugha sanifu. Waigbo wamevutana juu ya jambo hili zaidi ya karne. Biblia yao ya 1913, iliyosimamiwa na mmisionari Dennis, iliandikwa kwa lugha iliyoungwaungwa kutoka lahaja kadhaa, lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mwanawe. Mwaka 1999, mjini Owerri, Chinua Achebe aliishambulia lugha hiyo waziwazi katika mhadhara alioutoa kwa Kiigbo chenyewe. Kulikuwa na ugomvi wa alfabeti pia, uliochukua miaka mingi hadi kamati ya Ọnwụ ilipoleta maandishi ya sasa mwaka 1961, yenye nukta chini ya baadhi ya herufi. Akakumbukwa pia F. C. Ogbalu, mwalimu wa shule aliyeanzisha chama cha kukuza lugha na utamaduni wa Kiigbo mwaka 1949. Mwalimu wa shule! Hilo lilinifurahisha kuliko majina yote makubwa yaliyotajwa siku ile. Msemaji wa kwanza aliyapanga haya vizuri. Wa pili, kijana, akauliza lahaja ya bibi yake imebaki wapi katika vitabu vya shule. Ukumbi ukachemka.

Hapo nikamwita ami yangu, mtunzi wa mashairi ya Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, aje aketi nami. Akasikiliza nikimfasiria, kisha akasema, "Mwanangu, hawa nao yamewafika."

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1928 mkutano wa kuamua lahaja ya kusanifisha Kiswahili ulifanyika papa hapa mjini petu, na kilichochaguliwa ni Kiunguja. Kimvita, lugha ya mshairi Muyaka bin Haji, kikabaki majumbani na katika mashairi. Wanafunzi wangu huandika insha kwa lugha moja na kuzungumza na bibi zao kwa nyingine, na kalamu nyekundu ninayo mimi. Sasa hawa Waigbo walikaa meza moja, wa Onitsha, wa Owerri, wa Nsukka, kila mmoja akitoa mifano kwa lahaja yake, na mwenyekiti hakumsahihisha mtu. Makongamano ya Kiswahili tunayo, tena mazuri, na nimehudhuria kadhaa. Lakini Kimvita huingia humo kama mfano wa kuchambuliwa. Sijamsikia mtaalamu akisimama na kutoa mada nzima kwa Kimvita, na ningependa sana nimsikie kabla ami yangu hajazeeka zaidi.

Kikao cha akiolojia nilikiingia bila matarajio, nikatoka na daftari limejaa. Ni habari za Igbo-Ukwu, mji wa Waigbo: mtu akichimba kisima cha kuwekea maji mwaka 1938 anakumbana na vyombo vya shaba, kisha mwanaakiolojia Thurstan Shaw anakuja kuchimba kitaalamu kuanzia 1959. Vitu vyenyewe hukadiriwa kuwa vya karne ya 9 hivi. Pamoja navyo zilitoka shanga zaidi ya 165,000, nyingi za kioo, zilizosafiri kutoka mbali hadi kuingia kaburini mwa mkubwa mmoja msituni. Sisi wa pwani tumezoea kudhani biashara ya shanga ni habari ya jahazi na bandari tu.

Sasa malalamiko. Mada nyingi zilitolewa kwa Kiingereza, na vikao vya Kiigbo vikapangwa saa moja na vile vya siasa ambavyo kila mtu alivikimbilia. Hilo si haki kwa kongamano linaloitetea lugha. Slaidi kadhaa zilionyesha visanduku vitupu mahali pa herufi zenye nukta, eti miaka yote hiyo baada ya Ọnwụ! Sauti ya ukumbini ilikatika mara kwa mara, na muuliza swali asiye na maikrofoni hatukumsikia kabisa sisi wa mtandaoni. Na kikao cha methali, nilichokikosa kwa sababu ya vipindi vyangu shuleni, hakikurekodiwa.

Ukiamua kujiunga, ratiba imeandikwa kwa saa za Nigeria: ongeza saa mbili, kikao chao cha saa tatu asubuhi kwetu ni saa tano. Nunua bando la kutosha, maana picha ya ukumbi hula data. Kama nafasi ni ya kikao kimoja tu, chagua cha lahaja, na umwite mzee wa nyumbani kwako aketi nawe, umfasirie.