Mimea ya kwetu kwenye bwawa la bustani: uzoefu wangu hapa Tengeru, Arusha

Kama una hela ya kununua mmea mmoja tu wa bwawa la nyumbani, usianze na maua jamani. Anza na yale majani ya chini ya maji wanayouza watu wa samaki wa mapambo, ya kijani kilichokolea, laini kama mkia wa paka, kitaalamu Ceratophyllum demersum. Najua hayana sura, hata muuzaji mwenyewe hakuyasifia, alinifungia tu kwenye mfuko. Lakini kati ya vyote nilivyonunua hakuna kilichofanya kazi kama hiki. Hayana mizizi, hayataki udongo wala chungu, unatupia tu majini basi, yanafyonza virutubisho humo humo kwenye maji kwa hiyo ule uteute wa kijani unakosa chakula, na maji yangu ambayo baada ya kujaza yalikuwa kijani tupu yakaanza kung'aa taratibu hadi nikawa naona chini. Na watoto wa chura wanajificha humo, mdiria akija hawapati kirahisi. Yanapatikana Afrika kiasili, wala hayajaletwa kutoka mbali.

Bwawa lenyewe ni la kuchimba kwa mkono, chini nimetandika ile nailoni nzito ya mabwawa ya samaki, halina pampu wala umeme. Upande mmoja nimeufanya mteremko wa mawe ili nungunungu au ndege aliyeingia aweze kutoka, na juu kuna wavu wa chuma kwa sababu ya watoto, hilo kwangu halina mjadala.

Sasa yungiyungi. Nilitaka la bluu, la kwetu, Nymphaea nouchali, lile linalofunguka asubuhi na kujifunga alasiri na lina harufu nzuri mno. Kitalu cha kwanza kiliniletea kitu kingine kabisa wakasema ndiyo hiyo hiyo. Jinsi ya kutofautisha ni rahisi: yungiyungi jani lake limelala juu ya maji na lina mpasuko mmoja kutoka ukingoni hadi pale kikonyo kilipoungana, ile lotasi ya Asia jani lake ni duara zima bila mpasuko na linasimama juu ya maji. Angalia jani, achana na maneno ya muuzaji. Nililipata la kweli kwa mama mmoja anayeuza miche barabarani, kiazi kidogo tu chenye majani mawili, alinipunguzia bei nikamwambia Mungu akubariki mama. Nimelipanda kwenye beseni, udongo mzito wa mfinyanzi usio na samadi hata kidogo (samadi ndiyo inayoharibu maji), juu changarawe, kina kama sentimita 40, sehemu inayopigwa na jua muda mwingi wa mchana. Lilikaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kukata tamaa, halafu likatoa majani mfululizo na ua la kwanza, na nyuki walilijaa ndani, yaani nilisimama pale nikachelewa kazini.

Mafunjo mimi nayapenda lakini kwa bwawa dogo nasema hapana, yanafika mita nne na zaidi na mizizi yake inatafuta njia ya kutoka, labda uwe na eneo kubwa. Chukua jamaa yake mfupi, Cyperus involucratus, ile yenye majani yaliyotanda juu kwa duara, nayo ni ya Afrika Mashariki na ukitembea kwenye mabonde yenye maji utakutana nayo. Usikate mashina yote kwa wakati mmoja ukisema unasafisha! Mtoto wa kereng'ende anaishi majini, na siku ya kukomaa anapanda shina hilo, ngozi inapasuka mgongoni anatoka na mabawa. Yale maganda makavu bado yamening'inia kwenye mashina yangu, mwanangu anayakusanya kwenye kopo.

Na hapo ndipo jibu la mbu lilipo, maana majirani wote waliniuliza malaria. Mwanzoni ndiyo, viluwiluwi wa mbu walikuwepo, bwawa jipya halina wa kuwala, nikatumia dawa ya Bti, ile bakteria inayoua viluwiluwi wa mbu bila kudhuru vyura, kiwanda cha Kibaha kinatengeneza. Baada ya kereng'ende kutaga na watoto wao kuanza kuwala hao viluwiluwi, sikuitumia tena. Nachota maji kwa kikombe cheupe mara kwa mara, pembeni kwenye majani ndiko wanakojificha, na sioni kitu. Samaki sijaweka, nimeshauriwa sana lakini wale wadogo wa kula mbu asili yao ni Amerika na wanakula watoto wa chura pia.

Jambo la kusikitisha, na hili limeniuma kweli, ni kwamba kitalu hicho hicho cha kwanza waliniwekea nyongeza ya bure: gugu maji. Zuri, ua la zambarau, yule kijana alidhani ananifurahisha. Gugu hili limetoka Amerika Kusini, limewatesa wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, likipata maji yenye rutuba linajiongeza mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Huku kwetu mifereji inaingia mitoni, mito inaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu na kisha mto Pangani, kwa hiyo kipande kimoja ukikitupa mferejini hujui kitaishia wapi. Nililianika juu ya bati hadi likakauka kabisa ndipo nikalichoma. Mwenye kitalu nilimpigia nikamweleza kwa upole, akasema wateja wanalipenda.

Ukienda kununua, beba ndoo yako, osha kila mmea kabla ya kuuweka, kwa sababu magugu madogo yanayoelea yanakuja yameng'ang'ania mizizi. Na usiende kung'oa ziwa Duluti, pale ni hifadhi. Mwambie mwenye bwawa akupe kipande, mashina ya Cyperus ukiyakata ukayageuza kichwa chini kwenye glasi ya maji yanatoa mizizi yenyewe, mimi nimeshagawa mengi hapa mtaani na bado nayo.