Kununua kikuza nguvu cha redio ya ridhaa: kagua kwanza upande wa kuingilia

Malalamiko ya wasomaji kuhusu vikuza nguvu karibu yote yanafanana: antena ilikuwa nzima, SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) ilisoma 1.2, hakuna taa ya tahadhari iliyowaka, lakini transista imekufa. Muuzaji naye hujibu upesi kwamba kosa ni la antena.

Ulinzi unaotangazwa kwa herufi kubwa ni ule wa upande wa kutoka, unaozima kifaa pindi nguvu nyingi inaporudishwa na antena. Ni wa lazima, na kila kifaa cha maana kinao. Hata hivyo, transista za LDMOS, aina inayotumika kwenye vikuza nguvu, kama BLF188XR, zimeundwa zistahimili, katika vipimo vya kiwandani, hata SWR ya 65:1. Udhaifu wake uko kwenye geti, yaani mlango wa kuingilia wa transista, ambalo utando wake wa kuzuia umeme ni mwembamba mno na hutoboka volti chache tu zikizidi kiwango. Redio nyingi, hata zikiwekwa wati 30, zinaweza kufyatua wati 100 au zaidi kwa milisekunde chache za mwanzo, kabla ALC, sakiti inayodhibiti nguvu ya redio yenyewe, haijashika. Sindano ya mita haina mbio za kuonyesha mshtuko huo, na rilei ya ulinzi, yaani swichi ya sumaku, ambayo nayo huchukua milisekunde kadhaa kuachia, hufika wakati wa mazishi.

Kwa kigezo hicho cha ulinzi wa haraka naweka kikuza nguvu cha Elecraft KPA500 mbele, wala sifichi upendeleo wangu. Hutoa wati 500 tu, lakini hujiwekea kipunguza nguvu mambo yanapoharibika, na hubadili kati ya kupokea na kurusha kwa diodi za PIN, swichi zisizo na sehemu zinazosogea, hivyo hakuna ncha za rilei za kuungua. Nafasi ya pili ni ACOM 1200S, kwa anayehitaji nguvu zaidi. Ya tatu ni Ameritron AL-80B yenye vali moja (taa ya elektroni) ya 3-500Z: ulinzi wake mkubwa ni jicho la mwendeshaji kwenye mita ya mkondo wa gridi, wavu wa ndani ya vali unaoidhibiti, ila vali husamehe mshtuko mfupi ambao geti halisamehi. Bodi za bei nafuu zinazouzwa bila sakiti yoyote ya ulinzi ni za fundi, si za mnunuzi.

Kinachoniudhi ni tangazo la «ulinzi kamili» lisilotaja ulinzi huo hufanya kazi baada ya muda gani, huku dhamana ikiziacha nje transista zenyewe, ambazo ndizo ghali na ndizo hufa. Muuzaji asiyeweza kutaja milisekunde na kiwango cha juu cha wati za kuingilia hastahili bei anayoitaka.

Kwa aliyekwisha kununua, kipunguza nguvu cha desibeli 3 kati ya redio na kikuza nguvu hushusha mshtuko wa wati 100 hadi 50. Kiwe na njia ya pembeni wakati wa kupokea, la sivyo kitadhoofisha pia mawimbi yanayoingia.