Geany kwenye kompyuta ya mezani mjini Bukavu

Kwa mtu wa Bukavu anayenunua mega za intaneti kidogokidogo, uzito wa programu ndio jambo la kwanza kupimwa, na Geany, kihariri matini (programu ya kuandikia maandishi matupu) cha bure kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005, hakimwangushi. Kwenye Debian au Ubuntu, ambayo ni mifumo ya Linux, amri ya «sudo apt install geany» inatosha. Ukishaweka nywila, programu hujipanga yenyewe katika menyu. Wenye Windows hupakua faili moja la usakinishaji kutoka tovuti rasmi, ingawa hukosa kidirisha cha kuandikia amri ambacho wenye Linux hukiona chini ya ukurasa.

Linalostahili kusemwa kwa kirefu ni umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo umeme unapokatika, jambo ambalo hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, halimshangazi mtu, na maandishi yasiyohifadhiwa hupotea yote. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, fungua menyu ya zana, ingia kwenye orodha ya programu-jalizi (vipande vya ziada vinavyoiongezea Geany uwezo), weka alama kwenye ile ya uhifadhi, kisha uchague kila baada ya sekunde ngapi faili lijihifadhi. Nashangaa kwamba huduma muhimu hivi huja ikiwa imezimwa.

Sura yake ni ya kizamani, wala sioni ubaya. Menyu zinapatikana kwa Kifaransa, na é au ç hazivurugiki mradi faili lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha mbalimbali. Anayeandika barua zenye picha na majedwali, hata hivyo, abaki na programu ya ofisi ya LibreOffice.