Civilisations ya BBC: sehemu tisa, na namna ya kuzitazama

Civilisations ni mfululizo wa makala za runinga kuhusu sanaa ya dunia. Kabla ya kulipia, hakikisha unapata toleo lipi. La BBC la mwaka 2018 lina sehemu tisa za takriban saa moja kila moja: tano zinaongozwa na Simon Schama, mbili na Mary Beard na mbili na David Olusoga, wote wanahistoria. La PBS, mtandao wa runinga wa Marekani, ambalo jina lake huandikwa kwa z, lilihaririwa upya na likapewa msimulizi, Liev Schreiber. Ukikuta sehemu 13 za Kenneth Clark, hizo ni za mfululizo mwingine wa BBC, wa 1969, na zinahusu karibu Ulaya Magharibi tu.

Mimi nasema chukua la BBC. Uhai wake uko kwa hao watatu, kila mmoja na hoja yake na jicho lake. Lakini ukitafuta historia iliyopangwa mwaka baada ya mwaka utapotea, kwa sababu kila sehemu imejengwa juu ya mada: mwili wa binadamu, mandhari, imani, na kadhalika. Sehemu ya kwanza inarukaruka mno, kutoka mapango ya Afrika Kusini hadi Petra, mji wa kale uliochongwa miambani huko Yordani, na Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati. Anza na ya pili, ya Beard. Yeye anauliza nani aliitazama sanamu na aliona nini, na swali hilo ni ufunguo wa sehemu zote zinazofuata.

Iliyonigusa zaidi ni ya sita, ambamo Olusoga anafika kwenye kazi za shaba za Ufalme wa Benin, uliokuwa katika Nigeria ya leo. Kabla ya kuitazama, elewa ufundi wenyewe: umbo hutengenezwa kwa nta, hufunikwa udongo, hupashwa moto nta itoke, kisha shaba iliyoyeyuka humiminwa mahali pake. Kalibu, yaani udongo huo, huvunjwa ili kutoa kazi, kwa hiyo haitumiki mara ya pili, na kila kazi ni ya pekee. Ukishajua hilo, utaelewa uzito wa uporaji wa Waingereza wa mwaka 1897.

Udhaifu mkubwa wa mfululizo huu ni vipimo. Kamera hukijaza kioo kwa kila kitu, hata macho yakadanganyika. Kipande cha ngeu, yaani udongo mwekundu wa kupakia rangi, chenye michoro kutoka pango la Blombos la Afrika Kusini, cha zaidi ya miaka 70,000, hakifiki sentimita 8. Vichwa vya mawe vya Waolmeki, watu wa kale wa Meksiko, vina urefu wa takriban mita 1.5 hadi 3.4. Simamisha picha, fungua tovuti ya makumbusho inayohifadhi kazi hiyo, usome vipimo na malighafi, ndipo uendelee. Saa moja itakuwa mbili, na inafaa.

Jambo la mwisho ni runinga. Rangi zikikolezwa kupita kiasi, nyekundu na buluu hupoteza tofauti zake ndogo, na sehemu ya saba, inayohusu mwanga na rangi, huharibika kabisa. Weka mpangilio wa filamu, zima ulainishaji wa mwendo (motion smoothing), na upunguze taa za chumbani.