Nimehama kampuni ya intaneti kwa ajili ya ofa, kisha nikarudi nilikotoka: hesabu ya mwaka mmoja

Steshenari yangu iko Mombasa, hii yetu ya Unguja, hatua chache kutoka mtaa wa Kwa Mchina. Nina kompyuta mbili, skena, mashine ya fotokopi na benchi la wateja nje. Kazi inayonilisha ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya ajira, mkopo wa elimu ya juu, pasi ya kusafiria, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa. Intaneti kwangu ni kama unga kwa muuza maandazi. Ikikatika, mteja anakaa benchini dakika kumi, anatazama saa ya simu, anachukua bahasha yake anakwenda kwa mwengine. Na akishakwenda, mara ya pili anaanzia huko huko.

Kuanzia Februari 2024 hadi Februari 2025 nilihama mara mbili kufuata bei ya ofa. Majina ya kampuni nayaweka pembeni. Moja nitaiita ya waya, kwa sababu wao huvuta faiba mpaka ukutani. Nyengine nitaiita ya ruta, kwa sababu wanakupa ruta yenye laini ndani, unaichomeka kwenye umeme basi.

Nilianza na ya waya. Bei yao ilikuwa 60,000 kwa mwezi, lakini ofa ilikuwa 30,000 kwa miezi 3 ya mwanzo na kufungiwa bure. Mafundi wawili walikuja asubuhi, wakatoboa tundu juu ya dirisha, wakaweka kisanduku cheupe ukutani na mmoja wao akaandika namba yangu ya mteja kwa penseli pembeni ya kisanduku. Kufika adhuhuri nilikuwa hewani. Huduma ilikuwa nzuri na sina la kuficha. Ramadhani nzima ile nilifanya kazi mpaka baada ya tarawehe bila kukwama.

Mwezi wa Mei bei ikapanda kuwa 60,000. Hilo nililijua, lilikuwa kwenye mkataba. Mwezi huo huo, Jumapili ya tarehe 12, intaneti ikaanguka nchi nzima kwa sababu nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika zote mbili. Siwalaumu kwa hilo, na anayewalaumu hajui intaneti yetu inavyofika. Kampuni nyingi zinachota kwenye nyaya hizo hizo, zikikatika wote tunakaa gizani. Nalitaja kwa sababu baadhi ya majirani walikimbilia kununua laini nyengine siku ile wakidhani kampuni yao ndiyo mbovu, wakatumbukia shimo lile lile kwa mlango mwengine. Kuhama hakukutibii kitu kama hicho.

Kilichonichoma ni kingine. Mwezi wa Julai nilikwenda ofisini kwao kulipa, na mlangoni nikakuta bango jipya limebandikwa, gundi haijakauka pembeni: "30,000 TU." Bei ile ile, kasi ile ile. Nikaingia.

"Shikamoo mama," akasema kijana wa kaunta.

"Marahaba mwanangu. Hii bei iliyobandikwa mlangoni, mbona mimi nalipa sitini?"

"Hiyo ya wateja wapya, mama. Wewe ushakuwa mteja wetu."

Nikamuuliza kwani mteja wa zamani ana kosa gani. Akatazama nyuma, akainama kidogo. "Kwani mama, nyumbani hakuna mtu mwengine mwenye kitambulisho? Mzee, au kijana wako mkubwa? Tunamsajili yeye, hii yako unaifunga, unaanza upya kwa thalathini."

Alitaka kunisaidia, najua, na sura yake ilikuwa ya mtoto mwema. Lakini sikukubali. Mkataba ukiandikwa jina la mwanangu, deni likija ni lake. Na hata deni lisije, ningekuwa namfundisha kwamba ili upate haki yako sharti ujifanye mtu mwengine. Nililipa 60,000 yangu nikatoka. Mama yangu nilipomsimulia alisema tu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Sijawahi kusikia mtu aielezee biashara ya ofa vizuri zaidi ya hapo, ila kwenye methali mgeni ndiye anayepewa jembe kwa kuwa amekaa mno. Mimi nilikuwa nalipa.

Basi Agosti nikahama, na hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka msomaji atulie.

Kampuni ya ruta walikuwa na ofa: 40,000 kwa miezi 3 badala ya 70,000, na ruta yenyewe kwa 80,000. Mkataba miezi 6. Kwenye karatasi kasi iliandikwa Mbps 30, yaani biti milioni 30 kwa sekunde, juu ya Mbps 20 niliyokuwa nayo kwenye waya. Nikaona nimepata bei ya chini na mwendo mkubwa zaidi. Nikaifunga ya waya tarehe mosi kabla sijaishika ruta mkononi, kwa sababu sikutaka kulipa mwezi mwengine wa sitini. Ruta ikaja tarehe 10.

Siku tisa hizo zilikuwa katikati ya msimu wa maombi ya mkopo. Vijana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wamepanga foleni na bahasha zao, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, picha. Nikaunganisha kompyuta kwenye simu yangu na kununua bando kutwa mara mbili. Nilitumia 27,000 ya vocha. Msichana mmoja wa Jang'ombe alikaa benchini tangu saa tatu mpaka saa saba mchana, viambatanisho vyake haviingii, kila vikifika nusu ukurasa unarudi mwanzo. Hakunilaumu hata kwa neno. Aliniambia, "Bi mkubwa, wacha nijaribu kwengine, nitarudi." Hakurudi, na ningekuwa yeye nisingerudi pia.

Ruta ilipofika niliipokea kwa furaha. Kijana aliyeileta akapima kasi mbele yangu kwa simu: 28. Akaondoka. Nikaanza kazi, na foleni ikawa haipungui. Ilinichukua siku nzima kufahamu. Ile 28 ilikuwa ya kushusha. Kupandisha ilikuwa 2, na baada ya magharibi ilishuka chini ya 1.

Hili wauzaji hawalisemi na wateja hatuulizi. Anayeangalia filamu na mpira anashusha, kwake 28 inatosha na inabaki. Kazi yangu mimi ni kupandisha: naskani cheti, nakituma kwenye mfumo. Na namba za matangazo ni za biti, siyo baiti. Baiti moja ni biti 8. Faili la MB 2 ni biti milioni 16, kwa kasi ya Mbps 1 linachukua sekunde 16 kama hakuna anayekuingilia, na mwombaji mmoja ana mafaili matano au sita, na mifumo mingine ukichelewa inakutoa uanze upya. Kwenye waya nilikuwa napata karibu 20 kushusha na karibu 20 kupandisha, nikadhani ndivyo intaneti ilivyo kila mahali.

Jengine ni mnara. Ruta ya laini inagawana mnara na simu zote za mtaa. Saa tano asubuhi watu wako kazini na skuli, mnara umepumzika. Saa mbili usiku kila mtu yuko nyumbani na simu mkononi, na mgao wako unakuwa kijiko. Nilihamisha ruta dirisha hadi dirisha. Nyuma ya ukuta wa matofali chini ya bati ilipoteza nusu. Mwisho niliifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha la mbele, ikawa inapigwa na jua la alasiri mpaka naigusa inaunguza.

Wahudumu wao wa simu walikuwa waungwana, wanapokea haraka, na umeme ukikatika ruta ilibaki hewani kwa betri yake kama saa tatu, jambo ambalo waya hawana. Kwa mtu wa nyumbani anayetaka kusoma habari na kuongea na jamaa wa Maskati kwa video mara moja moja, huduma ile ni nzuri. Kwa steshenari siyo.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyonihamisha. Kwa miezi 3 ya ofa niliokoa 20,000 kila mwezi ukilinganisha na 60,000 ya waya, jumla 60,000. Nilitoa 80,000 ya ruta na 27,000 ya vocha. Hapo tayari nimepoteza 47,000. Miezi 3 iliyobaki ya mkataba nililipa 70,000, yaani 10,000 juu ya bei niliyoikimbia, jumla 30,000. Kwa hiyo kuhama kufuata bei rahisi kulinigharimu 77,000, ukiacha wateja, na hao sina namna ya kuwahesabu. Ruta nimebaki nayo kabatini. Imefungwa isipokee laini ya kampuni nyengine, na hilo pia halikusemwa siku ya kununua.

Nitasema kitu kimoja kwa wanaotaka kuhama laini ya simu, maana wengi wananiuliza dukani na wanachanganya. Tangu Machi 2017 unaweza kuhamisha namba yako ya simu kwenda mtandao mwengine bila kuibadili. Kitambulisho unapeleka, alama za vidole unaweka, namba inabaki ile ile. Toa kwanza pesa zote ulizonazo kwenye laini, kwani akaunti ya pesa haikufuati. Lakini hiyo ni namba ya simu tu. Intaneti ya nyumbani au ya duka haina kitu cha kuhamisha. Unaondoka mtupu unaanza upya.

Mwishoni mwa Januari, mkataba wa ruta ukikaribia kwisha, simu ililia. Ni wale wa waya. Bibie mwenye sauti nzuri akanisalimu, akaniuliza hali ya biashara, kisha akasema wana ofa: 30,000 kwa miezi 3. Nikamwambia mimi nilikuwa mteja wao. Akasema anajua, ndiyo maana amepiga, mteja aliyeondoka miezi 6 huhesabiwa mpya.

Nilikaa kimya kidogo. Hawa ni watu walionikatalia bei hii nilipokuwa nalipa kila tarehe mosi bila kukumbushwa. Nimeondoka, wakaikumbuka namba yangu. Kama bei ya 30,000 inawalipa kwa mtu waliyempoteza, ingewalipa kwa mtu aliyekuwa amekaa mbele ya kaunta yao na pesa mkononi. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa upole, na akanijibu kwa ukweli kwamba wengi humwambia maneno hayo na atayafikisha. Kisha nikamuuliza nilichopaswa kuuliza mwaka uliopita: baada ya ofa nitalipa ngapi, na kuna bei gani kwa anayetaka kubaki? Akasema anayelipia miezi 6 kwa pamoja hupunguziwa 10,000 kila mwezi, na hiyo haina upya wala uzamani. Kumbe ilikuwepo. Ila haikubandikwa mlangoni. Nilimtaka anitumie kwa maandishi, akatuma, nimeichapa na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Safari hii ruta sikuizima mpaka waya umepimwa, kushusha na kupandisha, mchana na baada ya isha. Nikipata kasi niliyoahidiwa nyakati zote mbili ndipo nilipe.

Kama ni nyota, huduma ya waya naipa nne kwa kazi na mbili kwa namna wanavyomtendea aliyekaa nao. Huduma ya ruta tatu, na kwa mwenye kazi kama yangu mbili.

Fundi alikuja peke yake, yule yule wa mwaka jana. Hakutoboa kitu. Tundu lilikuwepo, waya ulikuwepo, kisanduku kilikuwa pale pale na vumbi lake. Alichomeka, akasubiri taa igeuke kijani, akapima. Haikufika dakika ishirini. Kisha akatazama pembeni ya kisanduku, akalamba kidole gumba, akaifuta namba yangu ya zamani, akaandika mpya juu ya doa lile.