Saa ya adhana ya ukutani: nzuri, ila usikubali ipangiwe dukani

Nianze na bei, maana ndiyo mtakayoniuliza: shilingi 2,600. Muuzaji alifungua na 3,500, nikamwambia mimi si mgeni wa meli, tukashuka mpaka hapo. Duka lenyewe ni la vyombo vya umeme, kando ya Digo Road, sitalitaja jina kwa sababu nina neno nalo huko chini. Saa ni ya ukutani, nyeusi, namba zake nyekundu zinawaka. Inaonyesha saa, tarehe ya kizungu na ya kiislamu, nyakati za sala tano na kuchomoza kwa jua, na joto la chumbani, ambalo watu wa Mombasa hatuhitaji kuambiwa. Wakati ukiingia, inaadhini.

Tunakaa Majengo, na mama mkwe alipoiona alicheka mpaka akakaa. "Mwanangu, misikiti yote hii imekuzunguka, na wewe wanunua muadhini?" Nikamwambia, "Mama, hiyo ya misikitini twaisikia, tena nyingine zinagongana. Mimi nimenunua kitu cha kunitoa kwenye simu."

Na ndivyo. Programu ya nyakati za sala ninayo kwenye simu, haina kasoro hata moja. Kasoro ni ile simu. Adhana yalia, washika simu uizime, mara kundi la wazazi wa chekechea wanabishana kuhusu sare, mara mtu ameweka madera mapya ya Idi, ukiinua macho wali umeshika chini na udhu hujatia. Mume wangu naye anafanya kazi ya zamu bandarini, akiwa nyumbani simu yake haikauki. Saa ya ukutani haina ujumbe. Yaadhini, yanyamaza, basi.

Tena mkubwa wetu ametimiza miaka 7, umri ambao Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuanze kuwaamrisha watoto sala. Sikutaka amri hiyo itoke kwangu kila mara, na mwiko mkononi. Sasa yatoka ukutani, na yeye amejipa uaskari wa saa: arudi madrasa, avue kanzu, asimame chini yake. "Mama, bado dakika nne." Yule wa miaka minne amechukua lake. Saa hii ina adhana ya alfajiri mbali na ile ya sala nyingine, yenye yale maneno kwamba sala ni bora kuliko usingizi, na yeye ameyashika. Nikimlaza mchana ananisomea hayohayo, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, ili asilale. Sijapata jibu la kumpa.

Haya, sasa neno langu na duka. Muuzaji aliiwasha, akabofya bofya, akaniambia, "Tayari dada, nimekuwekea Kenya." Kenya ipi? Alikuwa ameweka Nairobi, maana Mombasa haimo katika orodha ya miji ya saa hii. Mtu atasema Nairobi na Mombasa si nchi moja, saa si moja? Saa ni moja, jua si moja. Sisi tuko mashariki zaidi, kwa hiyo kwetu jua linachomoza kabla ya Nairobi na linazama kabla ya Nairobi. Tofauti ni kama dakika kumi, huzidi na kupungua kwa msimu. Magharibi ikichelewa dakika kumi, umevumilia njaa kidogo tu. Lakini alfajiri ikichelewa dakika kumi mwezi wa Ramadhani, wewe uko kwenye daku wamalizia kikombe cha mwisho cha chai, na alfajiri imeshaingia zamani. Hilo si jambo la kumwambia mteja "tayari dada".

Mume wangu ndiye aliyegundua, kwa sababu msikiti ulikuwa umeshaadhini magharibi, saa yetu kimya. Dawa yake ipo. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuingiza latitudo na longitudo mwenyewe: Mombasa ni digrii 4 kusini na 39.7 mashariki. Angalia sana hiyo kusini, maana kiwandani wameweka kaskazini. Na saa za eneo ni 3 juu ya Greenwich.

Halafu kuna alasiri. Yetu ilikuja imewekwa kwa madhehebu ya Hanafi, ambapo alasiri inaingia kivuli cha kitu kikiwa mara mbili ya urefu wake. Sisi huku pwani wengi ni Shafi, kivuli kikilingana na kitu basi imeingia (juu ya kile kivuli cha adhuhuri). Kwa Mombasa tofauti hiyo ni kama saa nzima hivi. Kuna kitufe cha kubadilisha, ila kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kiingereza cha kubahatisha, herufi zake zataka miwani. Kuna pia njia kadhaa za kukadiria alfajiri na isha, kila moja na digrii zake za jua chini ya upeo wa macho. Sisi tulichukua ratiba ya msikiti wa karibu, tukajaribu moja moja mpaka ikalingana. Fanyeni hivyo, msijitie ufakihi.

Tarehe ya kiislamu inahesabiwa na mashine, na mashine haiangalii mwezi. Mwezi ukiandama kwetu, au Kadhi Mkuu akitangaza, saa inaweza kuwa mbele au nyuma kwa siku moja. Inarekebishika kwa kuongeza au kupunguza siku. Wale ndugu zetu wanaofuata mwandamo wa Makka nao watajipangia. Mjadala huo sitaki kuuleta hapa, Shaaban ikiisha utajileta wenyewe.

Kilichonikera hasa ni stima. Ndani kuna betri ndogo ya mviringo ya kushika kumbukumbu, na yetu ilikuja imekufa. Stima ikipotea, saa inarudi kuamini ni usiku wa manane. Siku moja stima ilirudi baada ya chakula cha mchana, na wageni wako sebuleni wanapunga vipepeo, kufikia magharibi ikatuadhinia alfajiri kwa sauti ya juu kabisa. Mtoto wa miaka minne alikimbia kuitikia. Tulinunua betri mpya kwa fundi wa saa, kitu cha bei ndogo tu, na tangu hapo stima ikipotea hata mara tatu kwa jioni, saa haisahau. Lakini kwa nini ninunue kipya na nitengeneze?

Mwanga wake ni mkali usiku. Usiitundike chumba cha kulala, hasa mkiwa na mtoto mchanga. Sauti ina ngazi, nasi tumeiweka ya chini kabisa alfajiri, na bado kitindamimba wetu anaamka nayo. Mume wangu asema huyo atakuwa imamu. Mimi nasema huyo atalala saa nne asubuhi, na mimi nitakuwa naosha vyombo.

Kwa nyota tano naipa nne kasoro. Ukienda kununua, washa papo hapo dukani, kisha uchomoe waya na kuurudisha: kama saa haikumbuki, betri haina kitu, na hapo una haki ya kuteremsha mia tatu nyingine. Mji waweke mwenyewe ukifika nyumbani. Mashine kama hizi nimeziona pia upande wa Mwembe Tayari, nyingine zina Mombasa katika orodha yake. Ziko bei juu kidogo, na kama ningekuwa nanunua leo ningeongeza hiyo kidogo.